Saa Moja Kati ya Makassar na Ambon

Kama kila asubuhi, Yosina alichemsha chai na kumimina glasi ya Oma kwanza. Ndipo akakumbuka kwamba bibi yake alifariki jana. Akaimwaga chai kwenye sinki. Tangu jana hakuwa amelia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na kila alichoambiwa alikifanya tu.

Sebuleni, Oma alikuwa amelazwa ndani ya jeneza lililo wazi. Bapa, baba yake Yosina, alifanya kazi bandarini Makassar, kwenye kisiwa kingine, na kwa miaka mitatu hakuwa amemwona mama yake. Leo alikuwa anakuja Ambon kwa ndege.

"Yosina, wewe si ndiye profesa wetu?" aliita Om Bertus, kaka yake Bapa. "Ndege inaondoka Makassar saa nne. Bapa yako atafika hapa nyumbani saa ngapi? Mchungaji anataka kujua saa ya kufunga jeneza."

Kilomita kama mia tisa na hamsini: angani saa moja na dakika arobaini. Kutoka uwanjani mpaka nyumbani, dakika hamsini. Yosina alijumlisha kichwani.

"Saa sita na nusu, Om."

"Mnaona kichwa hicho! Basi tunafunga saa saba kamili."

Baadaye, alipokuwa akiosha vikombe, simu ya mama yake ilitoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa Bapa: "Hapa ni saa nne kasoro robo, naingia ndegeni. Nisubirini."

Yosina akaitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro robo. Kila mtoto wa Ambon anajua kwamba Makassar wako nyuma kwa saa moja, naye alikuwa amesahau kabisa. Bapa angefika saa saba na nusu, akute jeneza limeshapigiliwa misumari.

Alijua anapaswa kuogopa, lakini hakuhisi chochote. Aliendelea kuosha kikombe kilekile. Nje majirani walikuwa wakipanga viti, na wote walikwisha kuambiwa saa saba. Angewaambia nini sasa? Labda ndege ingewahi. Alijua fika kwamba haiwezi kuwahi hivyo. Akakiweka kikombe chini, akatoka na mikono yake iliyolowa.

"Om, nimekosea."

"Umekosea nini tena, binti?"

"Hesabu. Nimesahau kuongeza ile saa moja yetu. Bapa atafika saa saba na nusu."

Om Bertus akasonya. "Profesa gani wewe! Mchungaji ana mazishi mengine saa kumi, tena ng'ambo ya ghuba!" Akasogea kando na simu, akambembeleza mchungaji weee, jasho likimtiririka. Aliporudi alisema, "Saa nane. Haiongezeki hata dakika moja."

Bapa aliingia saa saba na dakika arobaini, begi likiwa bado mgongoni. Akapiga magoti, akaushika uso wa mama yake kwa mikono miwili.

"Mama, nimefika."

Pale mlangoni, Yosina akaangua kilio kwa mara ya kwanza. Om Bertus akamshika bega.

"Lia, mwanangu. Hesabu ikikosewa hurudiwa. Jeneza likishafungwa, basi tena. Umefanya vizuri kusema mapema, hata kama mimi nilikusonya."

Saa nane kamili kifuniko kililetwa, na Bapa mwenyewe akakishika upande wa kichwani.