Jina Chini ya Bakuli

Jirani yangu Ardis Lindgren alikuwa mlinzi katika jumba la sanaa la mji wetu, huku Minnesota, Marekani, na kazi yake ilikuwa kukaa kitini na kuwaambia watu wasiguse. Chumba kimoja tu kiliruhusu kugusa. Humo msanii fulani wa mbali aliweka jeneza, na ndani yake maiti ya nta imekaa wima, kitambaa shingoni, uma mkononi, shavu limejaa, inakula chakula cha mazishi yake yenyewe. Mbele yake kulikuwa na meza yenye mabakuli saba ya kuokea tambi na jibini, kama yale tunayopeleka kanisani mtu akifariki.

Watu walicheka, mbavu hawana. Ardis hakucheka wala hakuchukia. Ndivyo alivyo, mtu aliyepoa.

Jumanne moja Bi Thorson, mpiga kinanda wetu wa kanisani, aliinua bakuli akatazama chini yake. Huku kila mwanamke hubandika utepe wenye jina la ukoo, ili bakuli limrudie baada ya mazishi. Utepe ulisema Thorson.

"Jamani, huyu msanii ana vituko!" akasema, akimwonyesha kila mtu.

Ijumaa tukamzika. Wiki iliyofuata Enger wa posta akakuta jina lake. Naye tukamzika.

Ungedhani watu wangekimbia. Thubutu! Walipanga foleni. Waliinua mabakuli, wakakuta patupu, wakacheka kuliko mwanzo. Meneja alimwambia Ardis ni sadfa tu, na kwamba wageni hawajawahi kufurika namna ile.

Ardis aliogopa jambo moja: Delmar, mume aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja, alimletea chakula kila mchana, na hakuwahi kuuacha mzaha umpite.

"Delmar, usiguse," alimnong'oneza.

"Mama, ni bakuli tu."

"Nakuomba."

"Likiniua, waambie nilikufa nimeshiba."

Akainua. Akacheka. Kicheko kikakatika katikati.

Lindgren.

"Tuko wawili," alisema polepole. "Lako au langu?"

"Langu. Lete." Ardis alilinyakua akalikumbatia kifuani. Lilikuwa la moto, kana kwamba limetoka jikoni sasa hivi. Akalirudisha mezani.

Jumatatu asubuhi Delmar alitoka kuondoa theluji mlangoni. Ardis alisikia koleo likikwangua. Likakwangua tena. Likanyamaza. Hakuinuka. Alijua.

Hakulia. Alitaka kulia, akakosa. Akina mama tulileta chakula, watu wakala, naye baadaye akaosha mabakuli, akasoma majina, akayarudisha nyumba kwa nyumba. Langu alinikabidhi mlangoni, akasema asante, akaenda zake.

Aliporudi nyumbani alikuta limebaki moja. Hakulikumbuka. Lilikuwa na tambi zilizomegwa upande mmoja, na uma uliochomekwa humo, nta imeganda kwenye meno yake. Akaligeuza.

Hakuwa na wa kumrudishia. Jina lilikuwa Lindgren, na Lindgren amebaki mmoja.

Mpaka leo liko kabatini kwake, tupu, limeoshwa. Juzi nilimsaidia kupanga vyombo, mkono wangu ukaligusa.

Bado ni la moto.