Kisiki Kilichoitikia

Fundi alipima kifua cha binti yake, akailaumu futi kamba, akachukua nyingine, akapima tena. Sare ya shule aliyomshonea juzijuzi ilimpwaya kifuani tu. Mikono sawa, mabega sawa, kimo kimeongezeka. Fundi cherehani anaweza kukosea kola, lakini si kifua cha mwanawe.

"Baba Kibibi, njoo uone. Mtoto anapungua."

"Watoto wakirefuka hukonda," mumewe alijibu, macho kwenye sahani.

"Hajakonda. Shika mkono huu, umejaa. Kinachopungua ni kifua."

Mtaa mzima ulimwita mume huyo Futi, maana naye futi ndiyo iliyomlisha. Yeye alipima miti. Ofisi yao ilitaka kujua msitu umepungua kiasi gani, na ukaa uliokuwa ndani ya miti umepanda hewani kiasi gani. Picha za setilaiti hazikutosha: ukiutazama msitu kutoka juu ni kijani kitupu, kumbe chini wachoma mkaa wameshautafuna. Basi Futi alizungushia kila mti futi yake, usawa wa kifua, akaita unene wake wa sentimita kwa sauti, kisha "Hai" au "Mfu". Mwenzake, dada mmoja mcheshi aliyeitwa Karani, aliitikia neno lile lile ndipo akaandika. Lisiloitikiwa halikuhesabiwa.

Safari yao ya mwisho walikuta mti mkubwa kuliko yote umekatwa. Kisiki kilikuwa bado kinatoka utomvu, na chipukizi moja limechomoza ubavuni. Mvua ilikuwa inakuja. Futi, ambaye utani humponyoka hata msibani, alizungusha futi hewani juu ya kisiki, pale ambapo shina lingekuwepo, akaita, "Mia na arobaini! Si kina jani? Hai!"

"Hai," ikaitikiwa, karibu kabisa na sikio lake.

Wakakimbilia gari huku wakicheka. Humo ndimo Karani alimouliza, "Hivi ulijiitikia mwenyewe? Mimi nilikuwa nafunga kamba za buti."

"Nilidhani ni wewe," alisema Futi.

Sasa alikumbuka, na chakula kikamshinda. Siku zilizofuata nyumba ilinuka utomvu mbichi, halafu utomvu na moshi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Kibibi akawa anapumua kwa mluzi. Daktari alimsikiliza mgongo na kifua, akasema mapafu ni mazima, mrudisheni nyumbani. Na mchana kweupe, mama akiwa kwenye cherehani na baba mlangoni, walisikia chumbani kwa mtoto futi ikivutwa polepole, ikaachiwa, ikavutwa tena, na walipoingia walimkuta amelala chali peke yake, fulana imembana kifuani kana kwamba kuna kamba inayokazwa na mtu asiyeonekana, naye anasema kwa sauti nzito isiyo yake, bila hasira, kama mgeni anayeuliza njia: "Mimi nimesimama wapi?"

Fundi alipiga magoti, akalia. Futi alikwenda kumleta mganga.

Mganga, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alinusa kizingiti, hakuingia. "Huyu aliyemo ndani ya mtoto alikatiwa nyumba yake, ule mti. Alikuwa anajiondokea. Wewe ukampimia kifua hewani, ukamwambia yu hai. Anakudai kifua hicho."

"Nifanyeje, mama?" Futi alinong'ona.

"Neno hutenguliwa na kinywa kilicholitoa. Mzungushie futi ile ile hapo aliposimama, umwite mfu. Akiitikia, amekwenda."

Futi hakuuliza amesimama wapi. Alidhani anajua.

Alfajiri alimchukua Karani wakarudi msituni. Alizungusha futi juu ya kisiki, akaita "Mfu" hadi sauti ikakauka, na Karani amejiziba mdomo kwa viganja viwili asije akaitikia kwa mazoea. Hakuna kilichojibu. Karani aligusa lile chipukizi, likavunjika, kavu.

"Kaka, hapa hakuna mtu," alisema. "Kahama."

Futi alifika kwake jua la utosi. Mkewe alimpokea mlangoni, anacheka na kulia kwa pamoja. "Kapona, baba Kibibi. Anapumua vizuri kuliko mimi. Ila hataki kuingia ndani."

Kibibi alikuwa uani, amesimama wima, miguu imezama ardhini hadi vifundoni, mikono ameinyoosha juu kwenye jua, na kifua kile kidogo kinapanda na kushuka kwa raha.

"Baba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, tamu, "nipime."

Futi alimzungushia futi, nayo ikakizunguka kile kifua cha mtoto na bado ikawa haijafika, ikaendelea kuzunguka pale pale bila kujirudia, hadi ilipokutana na mwanzo wake, akasoma: mia na arobaini.

"Sema alichokuagiza mganga," mkewe alimsihi. "Sema yaishe."

Neno lilikuwa mdomoni, herufi tatu tu, lakini likiitikiwa, nani angekwenda: mgeni au mtoto? Kibibi alimtazama akisubiri, kwenye kona ya midomo ana punje ya wali wa asubuhi. Futi alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake mwenyewe.

"Hai," alisema.

"Hai," ikaitikiwa, na midomo ya Kibibi ilikuwa imefungwa.