Kijani Kisichotakiwa

“Simama hapo hapo, Fundi. Usikanyage.”

Dakta alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba la utafiti, mikono imezama kwenye ngano. Fundi, mchumba wake, akasimama na chupa ya chai mkononi. Ndiye aliyetunza matrekta na mashine za kituo kile, na kila asubuhi alimletea chai. Huimimina, huionja kwanza isije ikamuunguza mwenzake, ndipo humpa.

“Kuna nyoka?”

“Afadhali angekuwa nyoka. Njoo polepole uone mstari huu wa chambo.”

Mistari ya chambo ni ngano dhaifu inayopandwa makusudi iugue. Ikishikwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu mwekundu wa majani, upepo huibeba ile kutu hadi kwenye ngano inayopimwa, ijulikane kama ina moyo au haina. Mstari ule ulipaswa kuwa mwekundu wote, kama bati lililoachwa mvuani. Upande wa mbali ulikuwa hivyo. Lakini upande uliopakana na ngano ya Dakta ulikuwa kijani kibichi, unang'aa.

“Mbona vizuri?” Fundi akasema. “Kijani si ndiyo furaha ya mkulima?”

“Popote pengine. Hapa kijani ni msiba. Chambo kisipougua, kipimo hakuna.”

Fundi hakucheka. Yeye, ambaye hucheka hata gurudumu likimpasukia njiani.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Dakta. Ulitoka kwa Mkuu wa kituo:

“Kamati ya mbegu imewasili. Saa nane mchana wanataka kukusikia, kisha wanaiidhinisha ngano yako iende kwa wakulima. Hongera, bi harusi wa Jumamosi!”

Kabla hajajibu, simu ikaita. Alikuwa mama yake Fundi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mkwe wangu. Nimekupigia nikupe raha. Mbegu yangu ya zamani nimeimaliza yote. Nyingine nimesaga, nyingine wamekula kuku. Na majirani nimewaambia, mkwe wangu kaleta ngano isiyoshikwa na kutu. Tunangoja yako tu.”

“Mama, subiri kwanza...”

“Nisubiri nini, mwanangu, na mawingu yameshajipanga? Na lile gauni lako la harusi nimelipiga pasi kwa mkono wangu. Yule mshonaji alitaka kuliunguza, macho yake yako kwenye redio!”

Akacheka, akakata simu. Dakta akaitia simu mfukoni.

Akasimama, akautazama ule ukijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulinyooka kama uliochorwa kwa rula, ukazidi ngano yake kidogo kila upande. Upana wake ulikuwa upana wa mikono ya mashine ya kunyunyizia dawa. Na ufunguo wa mashine ile Fundi aliuvaa shingoni.

“Fundi. Umenyunyiza dawa ya ukungu hapa?”

“Labda upepo umeileta kutoka kwa jirani.”

“Jirani anafuga ng'ombe. Tangu lini ng'ombe wakanyunyiziwa dawa ya ukungu?”

Fundi akaiweka chupa ya chai chini taratibu.

“Siku ile ulipokwenda kupima gauni,” akasema, “nilipita hapa. Nikaona madoa kwenye majani ya ngano yako. Nikakumbuka ile ya mwaka jana ilivyoangushwa na kutu. Ulilia hadi ukashindwa kumeza maji. Nikasema hapana, siwezi kukuona hivyo tena. Nikawasha mashine.”

“Madoa yalikuwaje?”

“Madoa ni madoa, Dakta.”

“Yalikuwaje? Makubwa, yana unga mwekundu kama wa chambo?”

“Hapana. Madogo, makavu. Kama ncha ya pini. Nilipangusa, kidole kikabaki safi.”

Dakta akakaa kwenye udongo, kama mzigo ulioshushwa ghafla.

“Fundi, ndivyo inavyopigana. Kutu ikipenya, jani linajiua kidogo pale ilipoingilia, adui afe njaa. Ulichokiona ni vita, na ngano yangu ilikuwa haijashindwa.”

“Basi si heri? Waambie inashinda.”

“Labda ilikuwa inashinda. Labda ingeshindwa wiki iliyofuata. Sasa nitajuaje? Umeninyima kujua.”

“Nilifanya kwa sababu nakupenda.”

“Najua. Hilo ndilo linaloniogopesha.”

Upepo ukavuma kutoka kwenye chambo. Fundi akachutama mbele yake, sauti ameishusha.

“Harusi ipite kwanza. Nani atajua?”

“Mama yako. Siku atakapoingia shambani kwake akatoka na miguu myekundu kwa unga wa kutu.”

Fundi akainamisha kichwa. Dakta akainuka, akaondoka bila kuigusa chai.

Saa nane, ofisi ya Mkuu ilijaa tabasamu. Wageni wa kamati walimvutia kiti, na mmoja akamsogezea feni kwa kuwa alimwona anatoka jasho.

“Karibu, mwanangu,” Mkuu akasema. “Wape habari njema.”

“Naomba ngano yangu msiipitishe.”

“Unatania?”

“Sitanii. Shamba limenyunyiziwa dawa. Majibu yote hayafai.”

“Limenyunyiziwa na nani?”

Dakta akafungua mdomo. Alikuwa ameapa njia nzima kulitamka jina, lakini akaufunga tena. Mlango ukagongwa. Fundi akaingia na viatu vyenye matope, kofia mkononi, akavua ufunguo shingoni na kuuweka mezani.

“Samahani wakubwa zangu. Ni mimi. Yeye amejua leo asubuhi.”

Mkuu akauvuta ufunguo upande wake.

“Toka. Kazi hapa huna tena.”

Nje, kando ya banda la mashine, Dakta akampa simu yake.

“Mpigie mama.”

“Nimwambie nini?”

“Hayo uliyoyasema ndani. Mimi nitakaa hapa karibu.”

Simu ikapokelewa upesi.

“Mama, mbegu haiji.”

“Imechelewa?”

“Haiji msimu huu. Nimeiharibu mimi.”

Upande wa pili kuku walisikika kwa mbali.

“Kwa nini, mwanangu?”

“Niliogopa.”

“Na mimi nitapanda nini?”

Dakta akaichukua simu.

“Mama, nitawaombea mbegu ya zamani hapa kituoni, wewe na majirani zako. Inashikwa na kutu ile, hivyo lazima ikaguliwe kila wiki. Mwanao atakuja na bomba la dawa mgongoni. Hana kazi nyingine sasa.”

“Bomba atabeba,” mama akasema kwa sauti ndogo. “Na Jumamosi?”

Dakta akamtazama Fundi, na Fundi akatazama viatu vyake.

“Gauni litundike, mama, harusi ingoje. Napanda upya, bila dawa. Naye nitamtazama hadi mavuno.”

“Na akishindwa?”

“Nitakuwa nimejua.”

“Basi nitalifunika vumbi lisiliingie,” mama akasema, na safari hii alikata simu bila kucheka.

Walisimama wakiitazama ngano, nzuri kuliko zote shambani, ambayo sasa haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Upepo ukaja tena, ukaiacha kutu nyekundu kwenye bega la Dakta. Fundi akanyoosha mkono ampanguse, akausimamisha njiani.

“Niache?”

“Acha,” Dakta akasema. “Ila usiende mbali.”