Kisu cha Kupasulia Kulungu

Haya yalimfika rafiki yetu mwindaji, mtu asiyejua kutia chumvi. Mdogo wake alikuwa amepotelea msituni na kisu chao. Wengine walikwishakata tamaa. Yeye alitaka kisu kingine, awinde huku akimtafuta.

“Nipe kisichovunjika kwenye mfupa.”

“Chuma cha hiki kimepita ndani ya mpini wote, kaka,” alicheka muuza visu. “Hiki kitakuzika.”

Jioni ileile alimpiga risasi kulungu aliyekuwa akikimbia. Giza likiingia, alimgonga tumbo; likalia kama debe tupu. Akapasua ngozi nzima, isiyo na mshono. Hapakuwa na utumbo, moyo wala ini. Ndani palikuwa pamefutwa pakavu, na kitita cha majani mabichi kimefungwa mafundo mawili, kama alivyofunga mdogo wake siku zote alipojaza majani tumboni mwa mnyama aliyekwisha kumtoa matumbo.