Mkate wa Safari ya Oydin

Oydin, binti wa jirani zetu hapa Margilan, aliamka siku hiyo roho ikiwa imeshatangulia Tashkent. Alasiri angepanda gari kwenda kusomea ufamasia, msichana wa kwanza kwao kuvuka milima kwa ajili ya shule. Mama yake alimpa mkate wa duara, Oydin akaung'ata mara moja, kisha mama akautundika kwenye msumari ukutani. Hapo ungemngoja mpaka arudi aumalizie mwenyewe. Kila anayesafiri tunamfanyia hivyo, na hakuna mwingine anayeugusa.

Kabla ya safari alibakiza kazi moja. Watu wa filamu walikuwa wamepiga kambi uani kwao wakitengeneza kisa cha msichana anayekutana na nafsi yake ya uzeeni, na msichana mwenyewe alikuwa Oydin. Leo ni mwisho wa kisa: bibi kizee anarudi kwao, anaketi mbele ya msichana na kumalizia mkate alioung'ata ujanani.

"Mkate uko wapi?" aliuliza Shavkat, mwongozaji.

Mtu wa vifaa alishika kichwa. Alikuwa ameusahau.

"Upo wangu ndani," Oydin alisema. Mama yake alikuwa sokoni. "Ila usiliwe kweli, kaka. Mama atanichuna ngozi."

"Nani ale mkate wako? Ataugusa mdomoni tu, basi."

Akauleta. Muda si muda bibi kizee akaingia langoni, gauni lake la hariri limepauka, na hakumsalimia mtu. Shavkat aliyasifu mapambo ya uso kwa kunong'ona, akaamuru kamera iwashwe.

Bibi aliketi chini ya mzabibu, mbele ya kiti cha Oydin, akauchukua mkate. Alipofungua kinywa, Oydin aliona jino la mbele lililomeguka pembeni. Lake pia limemeguka, upande uleule. Bibi akaweka meno palepale palipong'atwa.

Yakaenea sawasawa.

Akatafuna. Akameza.

"Bibi, inatosha," Oydin alinong'ona. "Nasafiri leo."

"Uende wapi tena?" Sauti ilikuwa ya Oydin mwenyewe, imekwaruza kidogo. "Tumesharudi."

Oydin alitaka kumpokonya. Mikono haikunyanyuka. Alibaki kutazama mkate unavyoisha, mpaka bibi akaokota makombo kwa ncha ya kidole, akayala, akatoka.

Simu ya Shavkat ikalia. Alisikiliza, akakaa chini. "Ni mwigizaji wetu wa bibi kizee," alisema taratibu. "Gari limemharibikia Kokand. Ndiyo kwanza anatafuta jingine."

Wakaitazama picha waliyopiga. Bibi alikuwepo, anakula. Upande wa Oydin kulikuwa na kiti kitupu.

Mama aliporudi na kukuta msumari mtupu, hakugomba, na hilo lilimtisha Oydin kuliko kugombwa. Alibeba begi la Oydin, wakaenda kituoni. Dereva aliwaona, akamwondoa haraka kijana aliyekaa mbele.

"Bibi, karibu kiti cha mbele, miguu ipumzike," alimwambia Oydin. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe dada, unamsindikiza mama yako mpaka Tashkent?"

Oydin alijitazama kwenye kioo cha gari. Aliuona uso wake uleule wa miaka kumi na minane. Akageuza macho nyuma kumtafuta huyo bibi. Hakukuwa na mtu.

"Mama," alinong'ona, "si unaniona mimi?"

"Nakuona, mwanangu," mama alisema, macho yake yakiwa chini. Alimshika kiwiko kwa uangalifu, akamwongoza kurudi nyumbani, huku akichagua njia isiyo na mawe.

Oydin hakwenda Tashkent, wala kokote. Sisi majirani hatulizungumzi. Ila watoto wetu wadogo wakiingia uani kwao humwamkia kwanza Oydin, kisha mama yake. Hakuna aliyewafundisha.