Nguzo ya Tatu

Ubaya ulianza kidogo, kama unavyoanza siku zote: waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, kwenye kinu cha kahawa cha mzee Kiiza, pale Bwera, ulikuwa na joto. Muulize fundi yeyote, atakwambia waya huo hauumi. Nyaya tatu za moto huvuta pande tatu kama wavuta kamba, na fundo la katikati, ndiyo nyutro, linatulia. Hata Masereka, fundi wa kinu hicho, alijua hivyo. Alifungua kiungo cha waya huo bila kuzima umeme, na waya huo mpole ukamshika, haukumwachia mpaka alipokata roho. Mjane wake ndiye huyu anayeshuka kwenye boda na mkoba wa vipimo.

Biira alikuwa mpimaji wa umeme, mtu wa Kasese mjini. Kiiza alimpigia simu aje kupima, akasema, "Madamu, kama moyo haitaki, nitatafuta mwingine." Lakini Biira alitaka kukiona kilichomuua mume wake. Alitaka kukipima.

Jolly, mama wa kuchambua kahawa, alimpokea langoni akamshika mikono yote miwili. "Pole, dada yangu. Pole sana." Kisha akashusha sauti. "Mule ndani iko kitu. Inaita watu kwa majina. Mutu anaitaga mara mbili, ile kitu mara moja tu. Ikikuita, nyamaza. Bwana yako iliita, akaitika."

"Ilimwita kwa sauti gani?"

"Ya mama yake. Na mama yake tulimuzika zamani."

"Ni mawimbi hayo, Jolly," alisema Biira. "Tazama balbu zenu." Juu ya meza za kuchambulia kulikuwa na safu za balbu za bei rahisi, zile za Mpondwe mpakani. Balbu za aina hiyo huchafua umeme. Wimbi safi huingia, zenyewe hurudisha mawimbi madogo yaliyopotoka, na lile la tatu ndilo mkorofi: halivuti pande tatu, linavuta upande mmoja, lote linamwagikia nyutro.

Alibana kipimo kwenye waya wa nyutro. Nguzo ndogo zikasimama kwenye kioo, kila wimbi na nguzo yake, na ya tatu ilizipita zote.  Kwa Wakonzo, kabila lao, jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na Masereka ni jina la mvulana wa tatu; kila alipomwona mkewe na kipimo hicho alikuwa akicheka, "Huyo msumbufu wa tatu ni mimi!" Jamani, utani wa marehemu unauma kuliko msiba wenyewe.

"Masereka," alinong'ona.

Nguzo ya tatu ikapanda.

Balbu hazikuongezeka, mashine hazikubadilika, ila mvumo ndani ya boksi la umeme ulishuka taratibu ukawa mzito kama mtu anayesafisha koo, na harufu ya mpira ulioungua ikageuka, ikawa harufu ya shati la Masereka akitoka kazini, jasho na vumbi la kahawa, harufu aliyokuwa ameitafuta kwenye nguo zote sandukuni mpaka ikaisha, na katikati ya harufu hiyo, karibu kabisa na sikio lake, sauti ikasema:

"Biira."

Mara moja tu. Jolly alimziba mdomo kwa kiganja. Walisimama hivyo, wawili, na machozi ya Biira yakapita juu ya vidole vya mwenzake.

"Si yeye," Jolly alimwambia polepole. "Dada, si yeye."

Biira alijua dawa. Wengine hufukuza jini kwa maombi, yeye alilifukuza kwa ngazi. Aliagiza balbu zote zishushwe, ziwekwe nzuri. Safu ya kwanza ikatoka, nguzo ikapungua. Safu ya pili, mvumo ukawa mwembamba. Alipofika safu ya mwisho, sauti ikaja kwa mbali, ya mtu anayeomba.

"Usinizime."

Alizungusha balbu ya mwisho akaitoa kwa mkono wake mwenyewe. Waya ukapoa. Akina mama wakapiga vigelegele, Kiiza akamshukuru Mungu kwa sauti. Biira hakusherehekea. Alikuwa amemzika mume wake mara ya pili.

"Na hizi katoni za balbu za zamani?" Kiiza aliuliza. "Tuzitupe?"

"Nitazitupa mimi," alisema Biira, akazifunga nyuma ya boda.

Hakuzitupa. Jioni hiyo, nyumbani Kasese, saa ambayo Masereka alizoea kurudi, alitoa balbu zote nzuri alizowahi kufunga, akaweka zile za Mpondwe sebuleni, jikoni, barazani, hata juu ya kitanda. Aliwasha zote. Alijua ni kitu gani anakialika. Mpimaji hajidanganyi na namba. Ila nyumba ilikuwa kimya mno, na angeufanya nini ukimya ule maisha yake yote?

Alifungua boksi la umeme, akabana kipimo kwenye nyutro, akakaa sakafuni kusubiri.

Nguzo ya tatu ilipanda. Harufu ya shati ikaja.

"Biira."

Hakungoja mara ya pili.

"Abee, mume wangu," alisema, na akanyoosha mkono kwenye waya.