Hodi Ndani ya Kanda

Esteria muuza uji alirudisha kanda siku ya Jumatatu asubuhi, akaibwaga juu ya kaunta kama mtu anayerudisha samaki aliyechina.

"Danny, kanda yako ina mtu."

"Ina watu kumi na wanne, mama. Bendi nzima."

"Usinifanyie utani asubuhi yote hii. Wimbo wa tatu, gitaa likishaanza kulia, kuna mtu anapiga hodi. Jana nimetoka nje mara mbili na kibatari mkononi, sioni mtu. Mara ya tatu ndiyo nikagundua kuwa hodi inatoka redioni."

Danny alicheka, akaitumbukiza kanda mashineni, akavaa hedifoni. Gitaa lilianza kulia. Kisha, katikati ya nyuzi zile alizozipenda kuliko chakula, mzee mmoja akasema, "Hodi." Aliisema taratibu, kama mgeni aliyetembea sana na hataki kusumbua wenyeji.

Kicheko kilimfia mdomoni. Kipande kile alikuwa amekifuta mwenyewe, kwa kidole chake, na mahali pake akapachika ubeti mwingine.

"Nitakurekodia nyingine, mama," alisema.

"Haya. Na hii harufu ya ugoro humu dukani ni ya nani? Au umeanza kunusa?"

Danny aligeukia rafu akatafuta kanda tupu. Harufu ile aliijua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Tumweke wazi huyu Danny kabla hatujaendelea. Jina lake ni Nyanda ng'wana Mashimba, yaani mtoto wa Mashimba, mzaliwa wa Kasoli, kwenye boma la ng'ombe na shamba la pamba. Alikuja mjini Bariadi mwaka ule ambao kampuni za watu binafsi ziliruhusiwa kununua pamba, malori yakajaa, mitumba ikajaa, na kila mwenye redio mpya akataka kanda ya kuweka ndani. Nuruddin, mfanyabiashara wa vitambaa, alifungua duka la kurekodi kanda akamwajiri. Kijana alikuwa hodari. Hodari zaidi alikuwa katika kuiga Kiswahili cha Dar es Salaam, mji ambao hajawahi kuutia machoni. Ndiyo maana Nuruddin alimkabidhi na kipaza sauti cha juu ya paa, awe anasoma matangazo ya mji: ng'ombe aliyepotea, mkutano wa hadhara, chanjo ya watoto.

Mapenzi yake yote yalikuwa kwa Mzinduko Jazz. Alijua nani alipiga besi kabla ya huyu wa sasa na kwa nini waligombana. Alinyoa nywele kama Marcelo, mwimbaji wao, akatembea kama Marcelo, hata kukohoa alikohoa kama Marcelo. Na kwa Mektilda, karani wa kampuni moja ya pamba, msichana aliyemtaka kwa moyo wote, alijieleza kuwa ni mtoto wa Ilala, na kwamba marehemu baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ya treni Tabora. Marehemu! Mzee wa watu yuko hai Kasoli, anakama ng'ombe kila alfajiri, na mwanawe amekwisha kumzika kwa mdomo.

Sasa Mzinduko wakaja Bariadi wenyewe, wakifuata msimu wa pamba. Nyanda hakulala siku mbili. Jumamosi usiku alikwenda ukumbini na Mektilda, kavaa suruali ya mtumba aliyoipiga pasi hadi ikang'aa, na redio kaseti ya dukani begani. Alichagua viti vya nyuma kabisa, karibu na mlango, maana spika za mbele hupasua sauti na kanda huharibika. Akabonyeza kurekodi.

Kabla ya wimbo wa tatu Marcelo alisogelea maikrofoni. "Namsalimu shabiki wetu wa damu, Danny wa Bariadi mjini!" Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Mektilda akamshika mkono. Nyanda alihisi kama miguu haigusi sakafu, na gitaa likaanza kulia.

"Hodi," mtu alisema mlangoni.

Nani anapiga hodi kwenye dansi? Mtu wa Kasoli peke yake. Mtu anayejua kwamba nyumba ya wenyewe huingii mpaka ukaribishwe, hata kama nyumba hiyo ina ngoma, tarumbeta na watu mia tatu. Mzee alikuwa amesimama nje ya kizingiti, shuka inayonuka ugoro imefungwa begani, katambuga za tairi miguuni, bangili ya shaba mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa ameshikilia fimbo kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Mwadila," akawasalimu watu wote kwa pamoja, kwa Kisukuma. Walio karibu wakacheka.

"Unamtaka nani, mzee?" bawabu aliuliza.

"Namtafuta mwanangu, Nyanda ng'wana Mashimba. Kifua kimenibana siku tatu. Nimedandia lori la pamba nije anipeleke hospitali. Njiani wameniambia vijana wote wa mji wako huku." Kisha macho yake yakamwona, na uso wake wote ukalegea kwa faraja. "Ng'wanone," alisema. Mwanangu.

"Danny," Mektilda alinong'ona, "mzee huyu anakuangalia wewe. Unamjua?"

Bawabu naye akageuka. Na vijana wa kiti cha mbele. Nyanda alizitazama zile katambuga, akaiona aibu inamjia mbio, akaikimbia.

"Simjui huyo mzee," alisema kwa ile sauti yake nzuri ya Ilala. "Labda amekosea mlango."

Mashimba hakubisha. Alimtazama mwanawe kidogo, akayashusha macho, kama kwamba ni yeye aliyefanya jambo la kuaibisha. "Basi, samahanini," aliwaambia. Katambuga zake zikasikika zikiburuzika kwenye changarawe, kra, kra, mpaka tarumbeta zikazimeza.

Nyanda alijiambia atamfuata wimbo ukiisha. Wimbo ulikuwa mrefu, na baada yake ukaja mwingine, na Mektilda hakuuachia mkono wake. Alipotoka, changarawe ilikuwa tupu.

Asubuhi mzee alikutwa barazani mwa ghala moja, ameegemea magunia ya pamba, amekwisha kuwa baridi. Waliomkuta hawakumjua. Siku ya pili karani wa ofisi ya kata alikuja dukani na karatasi ya tangazo, na kazi ya matangazo mnaijua ilikuwa ya nani. Nyanda alipanda kwenye kiti, akashika maikrofoni, akausomea mji mzima: "Amepatikana mzee, umri unakadiriwa miaka sabini, kavaa katambuga na bangili ya shaba mkono wa kushoto. Yeyote anayemfahamu afike ofisini." Alisoma mara tatu, bila kukosea hata neno. Jioni ile watu wa halmashauri walimzika mzee pembeni mwa mji, na Nyanda alikaa dukani akifuta kipande cha hodi kwenye kanda ya dansi, apate kuirudufu na kuiuza.

Wiki mbili zikapita, ndipo Esteria akarudisha ile ya kwake.

Jumatano ilirudi kanda ya kwaya. Humo hapakuwa na Mzinduko wala Marcelo, ila baada ya pambio la pili kulikuwa na hodi, na baada ya hodi, katambuga, kra, kra, zikikaribia. Alhamisi kaswida za Nuruddin mwenyewe zilikatika katikati, mtu akasema "Mwadila" na kukohoa. Ijumaa dereva mmoja wa lori alikuja kutoka Mwanhuzi akiwa amekunja uso.

"Huyo Nyanda ndiyo nani?" aliuliza. "Nimeendesha porini peke yangu, kanda inamwita. Nyanda ng'wana Mashimba, Nyanda ng'wana Mashimba. Nimeitupa dirishani, bado nikaisikia."

"Sijui," alisema Nyanda.

Lakini alijua, na alijua pia kinachofuata. Kila siku kanda zilisogea hatua moja, kama usiku ule ulivyosogea, na baada ya jina lilibaki jibu, na jibu lilikuwa na sauti yake yeye, inayojulikana na kila mwenye masikio Bariadi nzima.

Usiku huo, akiwa amejilaza kwenye mkeka wake nyuma ya kaunta, jenereta limezimwa tangu saa mbili na duka limekuwa jeusi hata mkono huuoni, alisikia mashine ya kurekodi ikibonyea yenyewe, ta, kisha ya pili yake, ta, na kanda zote kwenye rafu zikaanza kuzunguka ndani ya maboksi yake kwa mchakacho mdogo kama panya walio darini, na harufu ya ugoro ikaja, na nyuma yake harufu ya moshi wa mavi ya ng'ombe, na maziwa, na jasho la mzee aliyetembea, ikasogea mpaka ikawa juu ya mkeka, na kitu kikainama pale gizani, kikapumua kwa shida kama mtu aliyebanwa kifua, kikangoja, kama mtu anavyongoja kukaribishwa, na Nyanda akajifunika shuka akauma ngumi yake mpaka alfajiri asije akasema neno.

Nuruddin hakungoja duka lake lifilisike. Jumamosi mchana alimleta mjomba wake, Maalimu Jumbe. Watu walijaa barazani, Esteria mbele yao, Mektilda pembeni, kiganja mdomoni. Maalimu alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena. Ubani ulishindwa na ugoro.

"Jini ninalo hapa," alisema, akijifuta jasho. "Lakini sauti si yake. Ameiokota. Mtu akifa akakosa wa kusema huyu ni wangu, sauti yake hubaki imelala njiani, na jini akipita huiokota kama tunavyookota kitu kisicho na mwenyewe. Siwezi kumnyang'anya. Mwenyewe ajitokeze, amtaje marehemu, aseme ni wangu." Akawatazama wote mmoja mmoja. "Nani mwenye huyu mzee?"

Maneno yalifika kwenye meno ya Nyanda. Alimwona Mektilda, na Nuruddin, akawaza mkuu wa stesheni wa Tabora, akawaza tangazo alilosoma mara tatu. Sasa kusema kulikuwa kuzito kuliko usiku ule ukumbini. Akameza.

"Hodi hapa," alisema mtu.

Watu walipiga kelele. Kumbe ni mwanamke wa shamba, miguu imejaa vumbi, kibuyu cha maziwa kichwani. Alikuwa Monika, dada yake.

"Nyanda!" Alipenya katikati ya watu, akitabasamu. "Mwadila, kaka. Mbona mmejaa hivi? Nimemletea baba maziwa. Hospitali wamesemaje? Mama hali, halali. Namwambia, mama, baba yuko kwa Nyanda, ataharibikiwa na nini?"

Mektilda alimtazama Monika, akamtazama Danny, na kila aliyekuwapo aliona pua ile ile, paji lile lile.

"Kaka? Baba yuko wapi?"

Mashine ilibonyea, ta. Jenereta lilikuwa limezimwa. Gitaa likaanza kulia dukani, tamu mno, na Monika akageuza kichwa. Hodi. Mwadila. Unamtaka nani, mzee? Namtafuta mwanangu. Aliposikia sauti ya baba yake Monika aliangaza macho akimtafuta nyuma ya kaunta. Ng'wanone, alisema Mashimba. Kisha sauti ya kijana, laini, ya mjini, ile ile iliyotangaza ng'ombe waliopotea na chanjo ya watoto:

"Simjui huyo mzee. Labda amekosea mlango."

Monika alikitua kibuyu chini taratibu, maziwa yasimwagike.

"Alipokuwa anaondoka," alisema, "alituambia, nikishafika kwa Nyanda nimepona."

Hapo ndipo Nyanda alipoanguka magoti. "Ni baba yangu," alilia. "Mashimba wa Kasoli. Ni wangu. Ni baba yangu." Aliyasema hayo mara nyingi, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili cha kwao, bila Ilala hata kidogo, kamasi zikimtoka mbele ya watu. Ugoro ukapotea hewani. Mashine ikanyamaza. Mektilda alikuwa amekwisha kuondoka.

Maalimu Jumbe alikunja mkeka wake bila furaha. "Limetoka hapa," alimwambia Nuruddin kwa sauti ya chini. "Ila limetoka na sauti. Kijana amechelewa mno kudai. Sijui limekwenda nayo wapi."

Monika hakukubali kupanda lori moja na kaka yake. Nyanda alifika Kasoli kesho yake, jua limezama, kwa miguu, kavaa shuka ya kuazima. Boma lilijaa watu wa matanga. Kupitia miiba ya uzio alimwona mama yake karibu na moto, amenyolewa nywele. Alisimama nje ya lango, kama alivyofundishwa na baba yake, mtu asiingie mpaka akaribishwe.

"Hodi," alisema.

Walimwona wote, na hakuna aliyesema karibu. Akapiga hodi ya pili.

Nyumba ya Mashimba ilikuwa imefungwa tangu siku aliyodandia lori. Ndani yake mtu akakohoa kikohozi cha kifua kilichobanwa, na mbali, mbali sana, kama redio ya jirani, gitaa lililia. Kisha sauti ya mzee ikatoka kupitia mlango uliofungwa, ya upole, isiyo na hasira hata chembe.

"Simjui huyo kijana. Labda amekosea mlango."

Mama yake alisikia. Wote walisikia. Aliinuka motoni polepole, akaja hadi langoni, akamtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu. Halafu akalivuta tawi la miiba, akalifunga lango.